Kuamini Maandiko na kuamini mazimwi: tunalinganisha nini hasa?

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Mjadala wowote wa dini ukipamba moto, haukosi mtu wa kuuliza: "Mungu wako ana tofauti gani na zimwi la hadithini? Wote hawaonekani." Upande wa pili unakuja juu: "Unathubutuje kufananisha Neno la Mungu na ngano za watoto?" Baada ya hapo ni matusi, na mada imekufa.

Mimi ni muumini, nasoma Biblia, na nasema bila kuficha kwamba hasira ile haijibu kitu. Swali ni la haki. Anayeliuliza anastahili hoja. Lakini naona pia kwamba tunalinganisha vitu viwili kabla hatujatazama kila kimoja kinadai nini.

Kutoonekana si kipimo. Mawimbi ya redio hayaonekani, na tunayatumia kila siku. Kipimo ni hiki: dai linasema nini hasa, na kama ni la uongo, tungejuaje?

Mwaka 1952 mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell alitoa mfano ambao wasioamini wanaupenda sana. Tuseme kuna buli la chai linalozunguka jua, kati ya Dunia na Mirihi, dogo mno hata darubini haiwezi kulinasa. Hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba halipo, na bado hiyo si sababu ya kuliamini. Mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai. Hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Muumini anayesema "nithibitishie wewe kwamba Mungu hayupo" amekwepa kazi yake mwenyewe.

Ila buli ni kitu kimoja kati ya vitu vilivyomo ulimwenguni, na zimwi ni kiumbe kimoja kati ya viumbe. Mungu anayetajwa na Maandiko hadaiwi kuwa kiumbe cha ziada ambacho wapelelezi wamekosa kukikuta. Anadaiwa kuwa ndiye sababu ya kuwepo chochote. Unaweza kulikataa dai hilo, na watu wenye akili zao timamu wamelikataa, lakini utalikataa kwa hoja zake, sio kwa hoja za zimwi.

Sasa mtazameni kiumbe wa ngano kwa karibu. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, Uingereza, mabinti wawili wa ukoo mmoja, Elsie Wright wa miaka 16 na Frances Griffiths wa miaka 9, walipiga picha kando ya kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao. Frances anatazama kamera, na mbele yake wanacheza vijitu vyembamba vyenye mabawa. Picha zikamfikia Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa visa vya Sherlock Holmes, ambaye wakati huo alishaamini kwa dhati kwamba roho za wafu huongea na walio hai. Desemba 1920 akazitetea katika jarida. Baadhi ya wataalamu wa picha nao wakasema hawaoni dalili ya kughushi. Ilipofika 1983, wale mabinti wakiwa bibi vizee, walikiri: vijitu vilichorwa kwenye karatasi ngumu, vikakatwa kwa mkasi, vikasimamishwa kwa pini za kofia. Lakini Frances alishikilia mpaka mwisho kwamba picha moja, ile ya tano, ilikuwa ya kweli.

Kisa kile kinanifundisha kwamba vijitu vya kijitoni vilikuwa na anwani. Vina urefu, vina mabawa, vinatokea mahali fulani saa fulani. Ukitaka ukweli, unaweza kwenda kubisha hodi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mnyama wa ziwa Loch Ness, Uskoti, pia. Picha yake maarufu ya 1934 ilikuja kubainika kuwa kichwa cha bandia kilichopachikwa juu ya nyambizi ya kuchezea. Mwaka 2018 wanasayansi wakiongozwa na Neil Gemmell wakachota maji ya ziwa lile na kupima mabaki ya DNA yaliyomo. Hawakukuta alama yoyote ya mnyama mkubwa atambaaye. Walikuta DNA ya mikunga, tena nyingi.

Na Maandiko je? Humo madai yamechanganyika. Baadhi yana anwani kabisa. Mwaka 1961 huko Kaisaria lilifukuliwa jiwe lenye jina la Pontio Pilato. Mwaka 1993 huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, likapatikana jiwe linalotaja nyumba ya Daudi. Waumini wenzangu, tusiruke juu kwa furaha kupita kiasi. Jiwe la Kaisaria linathibitisha kwamba Pilato alitawala, na halisemi neno lolote juu ya kaburi tupu. Madai mengine ni ya miujiza, yaliyotokea mara moja na kupita. Mengine ni ya uumbaji, ambayo hakuna wa kumbishia hodi. Mengine si madai ya habari hata kidogo, ni amri: usimdhulumu mjane wala yatima. Anayesema "naamini Maandiko" amesema mambo manne au matano kwa mkupuo, na kila moja lina mizani yake.

La mwisho kwa leo. Zimwi linataka uliogope au ulikwepe, basi. Huko Iceland, mwaka 2013, watu walipinga barabara mpya kupita kwenye uwanda wa mawe wa Gálgahraun. Wengi walitetea mazingira, na baadhi walisema pia kwamba kuna makazi ya viumbe waliofichika. Anayeamini viumbe hao anauzunguka mwamba, na maisha yake yanaendelea yalivyokuwa. Maandiko yanaingia kwenye mkoba wako, kitandani kwako, kwenye kinyongo ulichonacho na jirani. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich aliandika mwaka 2009 kwamba binadamu hujifunza kuamini kwa kutazama matendo yenye gharama, kuliko kwa kusikia maneno. Gharama haithibitishi ukweli, watu wamekufa kwa ajili ya uongo pia. Lakini inaonyesha kwamba ni imani za aina mbili.

Karibuni. Hoja kwa hoja.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi siamini, na nashukuru kwa kuandika kistaarabu. Umechagua mifano mepesi, lakini. Vijitu vya karatasi kila mtu anacheka. Nakupa mzito.

Agosti 1914 jeshi la Uingereza lilipigana na Wajerumani huko Mons, Ubelgiji, likarudi nyuma likiwa limeumia. Tarehe 29 Septemba mwandishi Arthur Machen akachapisha gazetini hadithi fupi aliyoitunga, ya wapiga mishale wa kale wanaotoka kuzimu kuwasaidia askari. Hadithi tu. Kufikia 1915 makanisani kulikuwa kunahubiriwa malaika wa Mons. Watu wakasema wanamjua askari aliyewaona kwa macho yake. Machen akajitokeza kueleza: jamani, hii nimeitunga mimi, kichwani mwangu. Hawakumsikiliza. Kuna waliomwambia kwamba yeye ndiye aliyepokea habari za kweli bila kujua.

Haikuchukua hata mwaka mmoja. Magazeti yapo, mtunzi yu hai na anakanusha, na bado simulizi imegeuka ushuhuda. Injili ziliandikwa miongo kadhaa baada ya matukio, na hakukuwa na gazeti la kurudi kulisoma. Kwa nini nizipe Injili uzito ambao wewe mwenyewe huwapi malaika wa Mons? Tena hao hawakuwa mazimwi. Walikuwa malaika, wa kwako kabisa.

#3 Mchangiaji wa pili

Assalaam alaykum wote.

Mleta mada, ndugu yangu, mstari uliouchora kati ya Maandiko na viumbe wa ngano kwetu Waislamu haupiti hapo. Majini yamo ndani ya Qur'ani. Kuna sura nzima yenye jina lao, ya 72. Sura ya 55 inasema wameumbwa kwa ulimi wa moto. Sura ya 51 inasema majini na watu wameumbwa ili wamwabudu Mwenyezi Mungu. Siwezi kusema majini ni ngano nikabaki na Qur'ani yangu.

Lakini hapohapo, hadithi zinazozagaa za jini wa kisima fulani, jini aliyeoa, jini anayetaka marashi na kitambaa chekundu, hizo mimi sizifungi kwenye imani yangu. Jini wa Qur'ani ni kiumbe mwenye hesabu mbele ya Mola kama mimi. Wapo wema na wapo waovu, na sura ile ya 72 wanasema hivyo wenyewe. Huyo wa kisimani ni habari aliyoleta mtu. Na habari ya mtu tumeamrishwa tuichunguze. Sura ya 49 aya ya 6 iko wazi: akikujieni mtu asiyeaminika na habari, ihakikisheni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua.

Wanazuoni wetu walitumia umri wao kwa kazi hiyo. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume aliyefariki mwaka 870, inasimuliwa alipitia mapokezi ya habari za Mtume laki 6, akayachuja hadi elfu 7 na kidogo, tena ukihesabu yanayojirudia. Kila pokezi lina mnyororo wa majina: fulani kasikia kwa fulani, je, walikutana? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Ngano haina mnyororo. Ukiuliza nani kasema, unaambiwa "watu wanasema."

#4 Mleta mada

Waalaykum salaam, shehe. Umenipanulia mada. Kwa kweli hata kwenye Biblia mpaka si mnyoofu. Lewiathani wa Zaburi na Ayubu ana ndugu yake, joka aitwaye Lotan, kwenye mabamba ya udongo ya Ugarit, mji wa kale wa Syria uliofukuliwa kuanzia 1929. Waandishi wa Maandiko walivijua viumbe vya majirani zao. Walichofanya ni kuvishusha cheo. Kwa majirani joka ni adui anayepigana na mungu. Kwenye Zaburi ya 104 Lewiathani ni kiumbe kilichoumbwa kicheze baharini. Kiumbe wa ngano kaingia kwenye Maandiko, na alipoingia kanyang'anywa utisho wake. Kazi ile naiona kubwa, na inanigusa sana kila ninapoisoma.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, Mons ni hoja nzito na siipiti kando. Inaonyesha kwamba ushuhuda unaweza kuzaliwa upesi mno, na kwamba hamu ya waliofiwa kwenye vita inatosha kuulea. Kwa hiyo muumini asiseme "muda ulikuwa mfupi, wasingeweza kubuni". Waliweza Mons.

Ninachokuomba utazame ni mwelekeo wa simulizi. Malaika wa Mons waliwaambia Waingereza kile hasa walichotaka kusikia: Mungu yuko upande wenu. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho iliandikwa miaka ishirini na kitu baada ya kusulubiwa. Sura ya 15 inataja kwa majina baadhi ya walioshuhudia, inasema wengine wengi wangali hai, kisha inaweka shingo mezani: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Anayesimulia malaika wa Mons hakusema popote "kama si kweli, tupeni yote". Hilo halithibitishi ufufuo. Linaonyesha mtu anayejua kwamba dai lake linaweza kuwa la uongo, na anayekubali gharama yake likiwa hivyo.

#5 Mchangiaji wa tatu

Nimesoma yote. Naomba kuuliza kitu ambacho kwangu si nadharia.

Nimekabwa na jinamizi mara nyingi tangu utotoni. Macho yako wazi, naona dirisha, naona pazia, nasikia watu wakiongea chumba cha pili. Mwili hautikisiki. Kuna mtu kakaa kifuani. Simwoni uso ila najua yupo, na najua ananichukia. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Nimesali, nimeombewa.

Swali langu. Mkiniambia ni ubongo tu, sawa. Lakini manabii nao waliona na kusikia. Kwa nini cha kwangu kiwe ubongo na cha kwao kiwe ufunuo?

#6 Mchangiaji wa kwanza

Pole sana dada au kaka. Hili linaelezeka, na hauko peke yako.

Tukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli karibu yote ili tusiinuke na kufanya tunachokiota. Wakati mwingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa. Unaona chumba halisi, na ndoto inaendelea juu yake. Kifua kinahisi mzigo kwa sababu unataka kuvuta pumzi kwa nguvu na misuli haikutii. Sehemu za ubongo zinazohusika na hofu ziko macho, kwa hiyo unahisi kuna mtu. Japani wanaita kanashibari. Newfoundland, Kanada, wanasema ni kikongwe kaja kukukalia. Jina linabadilika, kifua ni kilekile. Kukosa usingizi na kulala chali huchangia, kwa hiyo jaribu kulala ubavu na kwa saa zilezile kila siku. Yakizidi, muone daktari.

Mleta mada, swali lake la mwisho nakuachia wewe. Na naongeza la kwangu. Kutoka 22:18 inasema: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa na mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Mahakama ilipokea ushahidi wa mtu kusema "nimemwona kivuli chake usiku, kanikalia kifuani". Jinamizi hilihili. Ngano peke yake ingeishia kwenye hofu. Maandiko ndiyo yaliyoipa kitanzi.

#7 Mchangiaji wa pili

Hili la Salem linauma, na haliishii Salem. Mpaka leo kuna vikongwe wanauawa, na kuna watoto wanateswa wakiambiwa wana mapepo, na aliyeshika panga au kiboko ana aya mdomoni. Kwa hili sitetei mtu, awe wa msikiti wala wa kanisa. Ile aya ya 49:6 niliyoitaja ilishushwa kuzuia hasa jambo hili, kuwadhuru watu kwa kutojua.

#8 Mleta mada

Naanza na wewe uliyekabwa. Uliyoyapitia ni ya kweli kama maumivu ya jino yalivyo ya kweli. Ulihisi, uliogopa, hakuna anayekudanganya hapo. Swali ni nani aliyekaa kifuani. Na jibu la haki kwa swali lako ni hili: maono peke yake, yawe yako au ya nabii, hayatoshi. Sisemi hivyo ili kumpendeza asiyeamini. Maandiko yenyewe yanasema. Kumbukumbu la Torati 18 inaagiza kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lake lisitimie, msimwogope. Yohana kwenye barua yake ya kwanza anasema msiiamini kila roho, zijaribuni. Watu wa Beroya, Matendo 17, wanasifiwa kwa sababu walimsikia Paulo kisha wakaenda kuchunguza kama ndivyo. Wangekuwa na imani ya zimwi, wangesifiwa kwa kuogopa upesi.

Kwa hiyo simwamini nabii kwa kuwa tu aliona. Namsikiliza Amosi kwa kile alichosema kuhusu wanaomuuza maskini kwa jozi ya viatu, alichokisema mbele ya wenye nguvu walioweza kumfukuza, na ambacho watu wamekipima kwa zaidi ya miaka 2,700. Jinamizi lako halijakuambia neno lolote. Limekukaba tu.

Salem sasa. Ndugu, umesema ukweli na siwezi kuupunguza. Walionyonga walikuwa wasomaji wa Biblia, na waliitumia. Ila ongeza kilichofuata. Oktoba 1692 mchungaji Increase Mather, wa imani ileile, aliandika kwamba ni heri washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia kuhukumiwa. Mahakama mpya ya mwaka 1693 ikaacha kutegemea ushahidi wa vivuli, na waliobaki karibu wote wakaachiwa. Mwaka 1697 mmoja wa majaji, Samuel Sewall, alisimama kanisani wakati mchungaji akisoma maneno yake ya kubeba lawama na kuomba msamaha. Waliosimamisha mauaji walitumia kitabu kilekile walichotumia wauaji. Walichobadilisha ni kiwango cha ushahidi: kwamba ndoto ya mtu haiwezi kumuua mwenzake.

Hapo ndipo naweka mstari wangu, na unakata ndani ya dini yangu pia. Mchungaji anayeota usiku na asubuhi anamtaja mama mzee wa watu kuwa mchawi, huyo ana imani ya zimwi hata kama ameshika Biblia. Hana anwani ya kubisha hodi, hana namna ya kukosolewa, na anataka uoga. Simpi heshima ninayoyapa Maandiko.

#9 Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa, na tumekaribiana kuliko nilivyotarajia. Lakini jibu moja kwa moja: kuna kitu gani kingekufanya uache?

#10 Mleta mada

Kuhusu ufufuo, ningeacha kama Paulo alivyosema. Yakipatikana mabaki ambayo kwa ushahidi wa kihistoria usioyumba ni ya Yesu, sitatafuta tafsiri ya kuniokoa. Kuhusu hadithi ya gharika, ile nzima inayofunika milima yote, jiolojia imeshajibu, na mtaalamu wa maandishi ya kale George Smith alipoisoma hadithi inayofanana nayo kwenye bamba la Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia, mwaka 1872 tulipata mahali pa kuielewa upya. Siishikilii kama taarifa ya habari.

Kuhusu Muumba, sina jiwe wala mfupa wa kukutajia. Naamini kwa sababu ulimwengu usiolazimika kuwepo upo, na sijaona maelezo mengine yanayonitosheleza. Wewe unasema upo tu, na tunaishia hapo. Sote wawili tumefika mwisho wa ushahidi tukiwa tumesimama pande mbili. Ninachokuomba ni kimoja: usiniweke pamoja na vijitu vya Cottingley kabla hujanionyesha pini. Na mimi nakuahidi, mwenzangu wa dini akisimamisha karatasi kwa pini na kuiita ufunuo, nitakuwa wa kwanza kumwambia.

Uliyekabwa, tupe mrejesho ukianza kulala ubavu.